Anwani ya Cheo: Maelezo Juu ya Ukaimu wa Kadi za Mtandao

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi kompyuta moja, au kompyuta mbili zilizo jirani, zinavyoweza kuendelea kupatikana mtandaoni kwa anwani ile ile ijapokuwa kadi iliyokuwa ikiibeba anwani hiyo imekufa. Jambo lenyewe ni la mafundi, na mafundi wana vitabu vyao; walakini vitabu hivyo karibu vyote ni vya Kiingereza, na mwenye kujaribu kulieleza jambo hili kwa Kiswahili mara hukwama. Hakwami kwa kuwa lugha haina maneno. Hukwama kwa kuwa maneno huchaguliwa kabla jambo lenyewe halijafahamika. Kwa hiyo nitaanza na jambo, na maneno yatafuata njiani.

Tuchukue mfano wa hospitali iliyoweka majalada ya wagonjwa wake katika seva moja. Seva hiyo hupatikana kwa njia ya kadi ya mtandao, ambayo mafundi huiita pia adapta. Kadi huunganishwa kwa waya na swichi, na kutoka katika swichi nyaya nyingine huenda katika vyumba vya waganga. Kadi ni kitu kidogo, na bei yake si kitu mbele ya bei ya seva. Lakini kadi ikifa, seva yenyewe ingali hai, programu zake zinaendelea, majalada yamo salama, na hata hivyo kwa mganga aliye chumbani na mgonjwa wake hapana tofauti yo yote baina ya seva hii na seva iliyoungua moto. Dawa ya kwanza anayoifikiri kila mtu ni kutia kadi ya pili. Ni dawa njema, lakini peke yake haiponyi, na sababu yake ndiyo kiini cha maelezo haya: waganga hawaitafuti kadi, huitafuta anwani, na anwani imefungwa na kadi ya kwanza.

Hapa hatuna budi kutofautisha anwani za namna mbili. Ya kwanza ni anwani ya IP, ambayo katika toleo la nne la itifaki hiyo ina biti 32 na huandikwa kwa tarakimu nne zilizotengwa kwa nukta, mathalan 192.0.2.10. Hii hupewa kompyuta na msimamizi wa mtandao, naye aweza kuibadili atakapo. Ya pili ni anwani ya MAC, yenye biti 48, ambayo kadi huzaliwa nayo kiwandani. Nusu yake ya kwanza humtaja mwenye kuitengeneza kadi, na nusu ya pili huitofautisha kadi hiyo na ndugu zake. Barua za mtandao, yaani pakiti, huandikwa kwa anwani ya IP, lakini ndani ya mtaa mmoja wa mtandao hufikishwa kwa anwani ya MAC. Kwa hiyo yapasa pawe na njia ya kujua anwani hii ya IP leo iko kwa kadi gani.

Njia hiyo ni itifaki iitwayo ARP, iliyoelezwa na David C. Plummer katika waraka wa 826 wa Novemba 1982. Kazi yake ni nyepesi kuifahamu kwa mtu aliyepata kukaa katika mtaa wenye mpiga mbiu. Kompyuta inayotaka kupeleka pakiti kwa 192.0.2.10 hunadi mtaa mzima: ni nani mwenye 192.0.2.10? Kompyuta zote husikia, na mwenye anwani peke yake hujibu: ni mimi, na MAC yangu ni hii. Aliyeuliza huliandika jibu hilo katika jedwali lake, ili asije akanadi tena kwa kila pakiti. Maandishi hayo hukaa kwa muda, kisha hufutwa au huhakikishwa upya.

Na swichi nayo ina jedwali lake. Haijui habari za IP. Yenyewe hutazama kila pakiti iingiayo, ikaandika kwamba MAC fulani imeonekana katika tundu fulani. Maandishi ya swichi, kwa desturi iliyopendekezwa katika kanuni za IEEE, hufutwa baada ya sekunde 300 ikiwa MAC hiyo haikuonekana tena; lakini ikionekana katika tundu jingine, maandishi hubadilika papo hapo.

Basi ugumu ni wa kumbukumbu. Tukiihamisha anwani 192.0.2.10 kutoka kadi ya kwanza kwenda kadi ya pili, sisi twajua kwamba imehama, lakini majirani wanayo majedwali yanayosema habari ya jana, nao wataendelea kupeleka pakiti kwa kadi iliyokufa mpaka majedwali yao yachakae. Dawa yake ni kwamba kadi mpya, mara ipokeapo anwani, inadi bila ya kuulizwa: 192.0.2.10 sasa ni mimi. Majirani wenye habari ya zamani huifuta na kuandika mpya. Tangazo hilo ni ARP ile ile, ila limetolewa pasipo swali. Nami nitaliita tangazo lisiloulizwa.

Sasa tuingie katika maneno. Kiingereza huiita anwani hii kwa neno ambalo Kiswahili cha siku hizi hulifasiri kwa kawaida kuwa «pepe» au «ya kidhahania». Yote mawili yana kasoro. «Barua pepe» imekwisha kukubalika, nayo yafaa, kwa kuwa msikiaji hupata picha ya kitu kiendacho kama upepo. Lakini kwa mkulima wa mpunga pepe ni punje isiyo na kiini, ile iondokayo katika ungo. Na anwani tunayoisema hapa si ganda tupu, bali ndiyo anwani pekee ambayo waganga wa mfano wetu wanaijua. Dhahania nayo ni kitu kilichomo katika fikira, ilhali pakiti iliyoandikwa kwa anwani hii hufika kweli kweli. Sifa ya anwani hii si kwamba haiko, bali kwamba haina kadi iliyo yake milele.

Kiswahili kinalo jambo kama hili tangu zamani, nalo ni barua ya ofisi. Mtu aweza kuandika barua kwa Bwana fulani, na akihamishwa Bwana huyo barua humfuata aendako. Au aweza kuiandika kwa Mkuu wa Wilaya, na barua hiyo hufunguliwa na ye yote aliye katika kiti siku hiyo. Akiwa mwenyewe hayupo, hufunguliwa na kaimu wake. Anwani ya namna ya kwanza ni ya mtu, na ya namna ya pili ni ya cheo. Kwa hiyo naona yafaa kuiita anwani ya cheo. Neno anwani lenyewe halikatai, maana kwa asili yake ya Kiarabu hutumika kwa jina lililo juu ya kitabu sawa na kwa mahali pa kupelekea barua, na katika Kiswahili pia twasema anwani ya kitabu. Kitabu chaweza kupigwa chapa upya kwa karatasi nyingine na anwani yake isibadilike.

Tendo la kadi ya pili kushika mahali pa ya kwanza tutaliita kukaimu, na hali yake ukaimu. Kaimu ni mwenye kusimama mahali pa mwingine, na asili ya neno hilo katika Kiarabu ni huko kusimama. Lisichanganywe na naibu. Naibu anacho cheo chake mwenyewe na kazi yake ya kila siku hata mkubwa wake awapo. Kadi ya pili, katika mpango nitakaoueleza kwanza, haina kazi yo yote mpaka ya kwanza ishindwe. Kabla ya hapo ni kadi ya akiba, na mwenzake ni kadi ya zamu.

Mpango wa kwanza ni wa kadi mbili katika kompyuta moja. Nitautolea mfano wa Linux, kwa kuwa kernel yake inayo sehemu iliyofanywa kwa kazi hii, na kwa kuwa mtu aweza kuujaribu bila ya kununua kitu. Kwanza huundwa kadi ya kubuni, isiyo na waya wala chuma, ambayo kwa desturi huitwa bond0. Kisha kadi mbili za kweli, tuseme eth0 na eth1, huwekwa chini yake. Na anwani ya IP hupewa bond0, wala kadi za kweli hazipewi anwani yo yote. Amri zenyewe ni hizi:

ip link add bond0 type bond mode active-backup miimon 100
ip link set eth0 down
ip link set eth1 down
ip link set eth0 master bond0
ip link set eth1 master bond0
ip addr add 192.0.2.10/24 dev bond0
ip link set bond0 up

Kadi huzimwa kabla ya kuwekwa chini ya bond0 kwa kuwa kernel hukataa kuipokea kadi iliyo kazini. Amri hizi husahauliwa kompyuta izimwapo. Mwenye kutaka mpango udumu hana budi kuuandika katika faili za mpangilio za mfumo wake, nazo hutofautiana mfumo na mfumo. Baada ya hapo faili /proc/net/bonding/bond0 humwonyesha msomaji ni kadi ipi iliyo zamuni, na hali ya kila moja.

Jambo moja katika mpango huu lastahili kuangaliwa vizuri. Isipokuwa msimamizi ameamuru vingine, bond0 huchukua MAC ya kadi iliyotiwa kwanza na kuivisha kadi zote mbili. Maana yake, kadi ya akiba ikaimupo hubadilika tundu la swichi tu. MAC ni ile ile, na majedwali ya ARP ya majirani yanaendelea kusema kweli. Hata hivyo kernel hutoa tangazo lisiloulizwa kwa njia ya kadi mpya, na wengi hudhani kwamba ni kwa ajili ya majirani. Faida yake kubwa hapa ni kwa swichi: swichi huiona MAC katika tundu jipya, ikabadili maandishi yake mara moja, badala ya kuendelea kupeleka pakiti katika tundu lililokufa.

Nitasema neno moja juu ya istilahi za Kiingereza za sehemu hii. Kwa miaka mingi kadi ya chini iliitwa kwa neno lenye maana ya mtumwa, na kitu cha juu kwa neno lenye maana ya bwana, na alama ya desturi hiyo ingali inaonekana katika amri nilizozitaja. Mfasiri wa Pwani, katika miji ambayo masoko ya watumwa yalikuwa mambo ya kweli na si ya mfano, asijione amefungwa kufuata. Wenyewe wanaiacha: waraka wa 9568 wa Aprili 2024, nitakaoutaja tena, umeliondoa neno la bwana na kuweka mahali pake neno lenye maana ya aliye kazini. «Zamu» na «akiba» vyatosha, na vyaeleza zaidi, kwa sababu hapana kadi inayoitawala nyingine. Ziko sawa, ila moja iko kazini na moja inangoja.

Sasa nafika mahali ambapo mipango mingi huanguka. Kadi ya akiba itajuaje kwamba mwenzake ameshindwa? Katika amri zetu neno miimon 100 lataka kernel itazame kila baada ya milisekunde 100 kama umeme wa mawasiliano ungalimo katika waya. Waya ukichomolewa, au tundu la swichi likifa, jambo hilo huonekana na ukaimu hutokea kabla mganga hajamaliza kupepesa macho. Lakini kutazama huku hakuoni mbali. Huona kutoka kadi mpaka swichi ya karibu, basi. Ikiwa swichi hiyo ingali ina umeme lakini waya wake wa kwenda mbele umekatika, kadi ya zamu huona kwamba mambo ni salama, hukaa katika kiti chake, na pakiti zote hupotea mbele yake. Kadi ya akiba, ambayo huenda imeunganishwa na swichi nyingine nzima kabisa, haiitwi.

Kwa hiyo pana njia ya pili: kuuliza badala ya kutazama. Msimamizi hutaja anwani ya jirani asiyelala, kwa kawaida ruta, na kernel humwuliza kwa ARP kila baada ya muda uliowekwa. Majibu yakikoma, njia huhesabiwa kuwa imekufa ijapokuwa waya una uhai. Mipangilio yake huitwa arp_interval na arp_ip_target, na badala ya jirani mmoja ni heri kutaja wawili au zaidi, isije ruta moja ikazimwa kwa matengenezo na seva ikadhani kadi zake zote mbili zimekufa. Hii ndiyo njia ninayoipendelea po pote ambapo baina ya seva na watu wake pana swichi zaidi ya moja.

Walakini hata njia hii haijui mauti. Yajua kimya tu. Jirani aliyekufa na jirani aliyechelewa kujibu huonekana sawa, na tofauti yao huwekwa na mwanadamu kwa kukata shauri la kungoja muda gani. Akingoja kidogo mno, msongamano mdogo wa pakiti utaleta ukaimu, kisha kurudi, kisha ukaimu tena, na seva itakuwa na hali mbaya kuliko ile ya kadi moja. Akingoja mno, waganga watakaa bila ya majalada.

Kurudi nako kuna hila yake. Tuseme kadi ya kwanza imepona, au swichi yake imewashwa upya. Wasimamizi wengi hutaka ishike zamu yake tena papo hapo, kana kwamba ni haki yake. Lakini swichi nyingi hufuata itifaki ya kuzuia njia za duara, na katika namna yake ya zamani tundu lililowashwa hivi punde husikiliza kwa sekunde 15, na kujifunza kwa sekunde 15 nyingine, kabla ya kupitisha pakiti ya mtu. Katika sekunde hizo 30 umeme wa mawasiliano umo katika waya, kadi yaonekana nzima, nayo ikirudishwa zamuni pakiti zote huishia katika tundu lililofungwa. Hivyo ajali ya kwanza haikukata kazi hata kwa sekunde moja, na kupona kwake kumeikata kwa nusu dakika. Mpangilio wa updelay huiamuru kernel isiiamini kadi iliyopona mpaka muda fulani upite. Na ule wa primary_reselect ukiwekwa failure, kaimu hubaki kazini mpaka yeye mwenyewe ashindwe. Maadamu kadi mbili ni sawa kwa nguvu, sioni sababu ya kumwondoa kaimu afanyaye kazi vizuri.

Haya yote ni ndani ya kompyuta moja. Kompyuta yenyewe ikifa, kadi mbili hazina maana, na hapo anwani ya cheo huhama kutoka kompyuta hadi kompyuta. Itifaki mbili za jambo hili zilichapishwa karibu pamoja katika 1998: HSRP ya kampuni ya Cisco katika waraka wa 2281 wa Machi, na VRRP, iliyofanywa iwe ya wote, katika waraka wa 2338 wa Aprili. Ya pili ilisahihishwa katika 2004, ikapanuliwa katika 2010 ili ihudumie IP ya toleo la sita, na toleo lake la karibuni ni huo waraka wa 9568. Watu wa OpenBSD nao walitunga itifaki yao, CARP, ambayo hutumia namba ile ile ya 112 iliyopewa VRRP. Mwenye kuziweka zote mbili katika mtaa mmoja na ajihadhari. Zote zilikusudiwa kwanza kwa ruta, lakini kwa programu kama Keepalived, iliyoanzishwa na Alexandre Cassen, VRRP hutumika vile vile kwa seva za kawaida.

Kazi ya VRRP ni hii. Kila kompyuta hupewa namba ya daraja, toka 1 mpaka 254, na ile iliyo kubwa ndiyo ishikayo zamu. 255 huwekwa kwa ajili ya kompyuta ambayo anwani hiyo ni yake hasa. Iliyo zamuni hutangaza uhai wake, kwa kawaida kila sekunde moja, kwa anwani ya kundi 224.0.0.18. Zilizo akiba husikiliza. Zikikosa matangazo, hungoja muda wa matangazo matatu, na juu yake nyongeza ndogo inayopatikana kwa kutoa daraja yake katika 256 na kugawanya kwa 256. Kompyuta ya daraja 100 basi hungoja sekunde 3 na nyongeza ya 156 juu ya 256, yaani sekunde 3.609, ile ya daraja 200 hungoja sekunde 3.219. Nyongeza hiyo ndiyo ufundi mzuri kuliko wote katika itifaki hii, maana pasipo kura wala mashauriano yule mwenye daraja kubwa huamka kwanza, akatangaza, na wengine wakimsikia hurudi kulala.

Pana na namna ya kuaga. Kompyuta inayotaka kuzimwa kwa matengenezo hutangaza daraja 0, na akiba hapo haingoji matangazo matatu. Hungoja nyongeza peke yake, ambayo kwa daraja 100 ni kama sekunde 0.6. Ni tofauti ile ile iliyopo kati ya mkuu aliyekabidhi funguo kabla ya likizo na mkuu aliyefia ofisini.

VRRP hutoa pia MAC ya cheo, 00-00-5E-00-01, na mwisho wake ni namba ya kundi. Kwa hiyo jibu la ARP halibadiliki, na swichi tu ndiyo yenye la kujifunza. Keepalived katika Linux haiitumii MAC hiyo isipoamriwa, nayo hutegemea tangazo lisiloulizwa. Tena, pakiti za VRRP hutumwa zikiwa na kikomo cha hatua 255, na mpokeaji huitupa pakiti yo yote iliyofika na namba pungufu ya hiyo. Kila ruta hupunguza moja, basi pakiti yenye 255 haikupita ruta yo yote. Ni ya humu humu mtaani, wala mtu wa mbali hawezi kujitia ukaimu.

Hatari kubwa ya mpango wa kompyuta mbili ni wakuu wawili. Ikiwa njia baina ya kompyuta hizo imekatika, na zote mbili zi hai, ile ya akiba haisikii kitu, nayo kwa uaminifu kabisa hujitangaza. Ya kwanza haijui habari hiyo, nayo huendelea. Sasa anwani moja ina wenyewe wawili. Kwa ruta madhara si makubwa sana. Lakini kwa seva ya majalada, mganga mmoja huandika dawa katika kompyuta hii, mwenzake huandika katika ile, na njia ikiunganishwa yapo majalada mawili ya mgonjwa mmoja yasiyokubaliana, wala hapana programu iwezayo kusema lipi ni la kweli. Kwa sababu hiyo VRRP haifai kutumiwa peke yake mbele ya data inayoandikwa. Hutakiwa shahidi wa tatu, ili anayetaka kukaimu awe na wengi upande wake, au uwezo wa kumkatia umeme yule wa kwanza kabla ya kushika kiti chake. Dawa hii ya pili huonekana kali, lakini kompyuta iliyozimwa haiandiki uongo.

Tofauti nyingine ni ya mazungumzo yaliyokwisha kuanzwa. Katika mpango wa kadi mbili, muungano wa TCP huendelea, kwa kuwa kompyuta inayoukumbuka ni ile ile. Mganga huona labda kigugumizi kidogo. Katika mpango wa kompyuta mbili, kaimu hapewi kumbukumbu ya mazungumzo ya mwenzake, na programu ya mganga hulazimika kuanza upya. Programu zisizojua kuanza upya huganda, na lawama huangukia mtandao usio na kosa.

Ipo njia ya tatu, niitaje kwa ufupi. Katika kompyuta kubwa za IBM, chini ya z/OS, anwani ya cheo huwekwa ndani ya mfumo wenyewe, pasipo kadi yo yote, na kompyuta huwaambia ruta jirani, kwa itifaki ya njia kama OSPF, kwamba anwani hiyo hufikiwa kwa kupita kadi hii au ile. Kadi moja ikifa, anwani haihami hata kidogo. Njia ya kuifikia ndiyo igeukayo. Kwa msomi wa lugha hii ndiyo iliyo safi kuliko zote, kwa sababu jina halikabidhiwi mtu. Hukaa nyumbani, na barabara mbili zaelekea kwake.

Imebaki habari ya majaribio, na hapa uzoefu ni mwalimu mkali. Kuchomoa waya kwatosha kujaribu miimon, na ndilo jaribio ambalo wengi huridhika nalo. Lakini halionyeshi lo lote juu ya ule mkatiko wa mbali nilioueleza. Yapasa kuchomoa waya unaotoka katika swichi kwenda mbele, na kuizima swichi nzima, na kuiwasha tena, huku kompyuta ya chumba kingine ikituma swali la ping kila nusu sekunde, na mtu akihesabu majibu yaliyopotea wakati wa kuanguka, na tena wakati wa kupona. Kisha atazame kwa macho yake nyaya zinapita wapi. Nimeona kadi mbili ambazo kumbe ni matundu mawili ya bao moja. Na swichi mbili zilizochomekwa katika soketi moja ya umeme. Kosa hili si la vyumba vidogo tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazohudumia Afrika ya Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja katika bahari ya Afrika Kusini, upande wa kaskazini ya Durban, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Nyaya zilikuwa mbili na kampuni mbili, lakini mahali pale zilipita katika sakafu moja ya bahari.

Katika IP ya toleo la sita ARP haipo. Kazi yake hufanywa na itifaki ya kutambua jirani, iliyoelezwa katika waraka wa 4861 wa 2007, na tangazo lisiloulizwa huwa ni tangazo la jirani lenye alama ya kuwaamuru wasikiaji wafute maandishi ya zamani. MAC ya cheo ya VRRP nayo hubadilika sehemu moja, ikawa 00-00-5E-00-02 na namba ya kundi. Mengine mengi niliyoyaeleza hubaki kama yalivyo.